Shimo la Sita kwenye Njia ya Mabaniani

Hilali bin Khamis yu hai. Ana ofisi Wattaya, huku Maskati, ana meza, na juu ya kichwa chake kuna feni. Nnaanza na yeye kwa sababu nyinyi vijana mnaoshuka sasa kutoka Unguja na Mombasa, mnaopewa kazi za barabara kwa kuwa mnajua kusoma, wengi wenu mtawekwa chini yake. Mtamkuta ana maneno matamu na kahawa nzuri. Kahawa kunyweni.

Mie kazi nimeacha mwaka huu. Sikio langu la kushoto halisikii kitu, mkono wa kushoto umebaki na vidole vitatu, na kampuni mpya imeleta mashine zinazomaliza kabla ya adhuhuri kazi iliyotutoa jasho mwezi mzima. Nimehamia Sib, chumba kimoja nyuma ya soko la samaki. Skuli nilikwenda kidogo, nikaishia darasa la tatu, chuoni, kwa Kurani, ndiko nilikohitimu. Kwa hiyo msitafute uandishi humu. Vyeo sitovitaja maana sikupata, na mshahara ulikuwa mshahara. Nnaandika kazi ilivyokwenda na nani alifanya nini, kwa jina lake.

Unguja nilikuwa mvunja mawe wa barabara za serikali. Mawe ya kule ni matumbawe, ukiyapiga yanakatika kama mkate mkavu na kukuachia vumbi jeupe kwenye nyusi. Mwaka wa sitini na nne nikatoka na nguo niliyovaa. Anayetaka kujua nyumbani nilimwacha nani, asiniulize. Meli ikatushusha Maskati, kwa babu zetu, tukiambiwa tumerudi kwetu. Kwetu! Nilifungua mdomo kwenye soko la Matrah kuuliza bei ya tende, kwa Kiarabu changu cha chuoni, na watu wakaacha kuuza wanisikilize. Mzee mmoja akaniambia nnazungumza kama khutba ya Ijumaa. Tokea siku hiyo nikawa naonyesha kwa kidole. Jina langu Suudi likapotea, nikawa "Zinjibari", na Zinjibari akikaa barazani, mazungumzo yanahamia baraza ya pili.

Kazi ya kwanza kupata ilikuwa ya njia ya mlimani. Ntakuelezeni ilikuwa njia gani, kwani sasa mnapita na magari mkidhani imekuwepo siku zote.

Mabaniani wa Maskati wana hekalu lao ndani ya mji. Wana na jingine, dogo na la zamani sana, kwenye bonde nyuma ya milima ya Qantab, kando ya kisima ambacho maji yake wanayatukuza. Mara moja kwa mwaka, baridi ikianza kupungua, wana siku kubwa ya ibada, na siku hiyo lazima waende kote kuwili. Baina ya hekalu na hekalu hapakuwa na njia ila ya mbuzi. Vijana wao walipanda kwa miguu, wazee walifungwa juu ya punda kama magunia, na wazee sana walibaki nyumbani wakilia. Basi matajiri wao wakaomba ruhusa, wakangoja miaka, wakapewa, wakaleta kampuni ipasue mlima.

Watu wa mji walikuwa na maneno. Mmoja aliniambia, "Muislamu mzima unampasulia jiwe mwabudu sanamu?" Nikamjibu, "Nilikotoka, Muislamu mwenzangu alinipasulia mlango." Hakuniuliza tena.

Mkubwa wa kampuni alikuwa Bwana Fuad, mtu wa Beirut, viatu vinang'aa hata bondeni. Huyo andikeni jina lake. Chini yake alikuwa Hilali bin Khamis, mkadamu, yaani msimamizi wa kundi letu. Yeye alizaliwa hapa hapa, alijua kila njia ya punda na kila mtu wa kumwamkia. Kazi ya mawe hakuijua, na hilo si dhambi. Wengi hawaijui.

Siku ya kwanza nilipewa nyundo na tindo ndefu ya chuma nikaonyeshwa mwamba. Mawe ya Maskati ni meusi na yana kiburi. Nilipiga, nyundo ikarudi ikanikosa paji la uso kidogo tu. Nikapiga tena kwa hasira. Nyuma yangu nikasikia sauti, kwa Kiswahili safi cha mjini:

"Bwana wee, jiwe hilo limekukosea nini? Unapiga kama umemkuta nyoka chooni."

Nikageuka. Nakuambieni nilikuwa sijasikia neno la Kiswahili kutoka mdomo wa mtu kwa muda mrefu hata nilitaka kukaa chini. Alikuwa Baniani mwembamba, ndevu fupi, kilemba cha kitambaa cheupe kilichoshika vumbi.

"Weye mtu wa wapi?" nikamuuliza.

"Mie mtoto wa Kiponda. Na weye?"

"Mwembetanga."

"Ala! Watu wa Mwembetanga tokea lini wanafanya kazi?"

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka Maskati kabla ya hapo. Huyo alikuwa Mistri Kanji. Mistri ni fundi mkuu wa mawe, na kwa baruti yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi. Baba yake alikuwa mwashi Unguja, yeye kazaliwa kule, akahamia huku na mama yake miaka michache kabla yangu. Kundi zima lilikuwa la Waarabu na Mabulushi, na humo ndani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, tunaosema lugha moja. Hilali hakupenda. "Mnasengenya," alikuwa akisema. Mara nyingi ilikuwa kweli.

Alinifundisha kazi upya. Tindo haipigwi tu, huzungushwa kidogo baada ya kila pigo, la sivyo hukwama na utailia. Shimo hutiwa maji kidogo vumbi lisipande kifuani. Mwamba husikilizwa: uugonge kwa kichwa cha nyundo ukiwa umeweka shavu karibu, na ukijibu kwa sauti ya mtungi mtupu, ondoka hapo, una ufa ndani. Alikuwa akinikuta nimeweka shavu juu ya jiwe anasema, "Mbusu basi, mbona unaona haya."

Na baruti. Hili lishikeni nyinyi wenye mashine, kwa sababu hata mashine zenu hutanguliwa na baruti. Mistri alikuwa akikata tambi, nyuzi za kuwashia baruti, kwa urefu mbalimbali, ya kila shimo ikizidi ya mwenzake kwa upana wa kiganja, ili milio isigongane. Akiweka kokoto juu ya jiwe bapa, moja kwa kila shimo. Mlio mmoja, anatupa kokoto moja. Zikiisha, bado hatuendi. Anakwenda yeye peke yake, anashika mdomo wa kila shimo kwa mkono. Kokoto ikibaki, hakuna mtu kugusa mpaka aseme yeye. Nilimuuliza mara moja kwa nini ahangaike kushika ikiwa kesha hesabu. Akanambia, "Sikio linapenda kusikia linalotaka. Mkono hauna matakwa."

Ijumaa alinichukua kwa mama yake. Alikaa chumba cha juu, nyuma ya hekalu la mjini, mwanamke mfupi mwenye miguu iliyovimba kama viazi vikuu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umetoka Unguja? Karafuu bado zinanuka bandarini?"

Nikamwambia zinanuka. Sikuwa najua kama bado zinanuka. Akanipakulia dengu na chapati na achari ya embe, akanitazama nikitokwa machozi kwa pilipili, akamwambia mwanawe, "Rafiki yako ana ulimi wa mtoto mchanga."

Mama huyu alikuwa hajafika hekalu la bondeni kwa miaka, kwa ajili ya miguu. Punda alimkataa, au yeye alimkataa punda, kila mmoja ana hadithi yake. Mistri alikuwa amemwahidi atampeleka kwa gari. Kila Ijumaa alimuuliza, "Mmefika wapi?" na Mistri alimchorea kwa unga juu ya sinia: hapa pindo, njia inapopinda, hapa mteremko, hapa mwamba mkubwa umetuzuia. Njiani tukirudi aliniambia, "Matajiri wanajenga ili miungu iwaone wamejenga. Mie nna abiria mmoja tu."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu hasa, kama mnaniuliza. Kumfikisha yule mama bondeni angali anapumua.

Tukafika Ramadhani, na ibada yao ilikuwa miezi miwili mbele. Umebaki mwamba mmoja, mkubwa, kwenye kilele cha njia, ukitazama Maskati upande mmoja na Qantab upande wa pili. Tulikuwa tunafanya kazi tumefunga. Mistri hafungi, lakini hakuna aliyemwona akinywa. Alikuwa na kopo lake la maji, na akishikwa na kiu alikwenda nalo nyuma ya jiwe moja kubwa lililokuwa kando ya mwamba, akijificha huko kama mwizi. Nilimtania, "Kunywa hapa hapa, Mistri, hatutokufa."

"Wewe hutokufa. Mtazame Murad."

Murad alikuwa kijana wa Kibulushi, mnene, mwenye nguvu za watu wawili, na saumu ilimtesa kuliko sisi sote. Akiona maji tu, koo lake linapanda na kushuka. Tulicheka. Mistri akaenda nyuma ya jiwe.

Siku moja adhuhuri Bwana Fuad alikuja na habari kwamba kesho yake matajiri wanakuja kuangalia njia. Mwamba ulikuwa bado umesimama. Akamtuma Mistri Matrah kwa mhunzi akachukue tindo zilizonolewa, tena alale huko, aje nazo alfajiri. Hili nalisema polepole kwa sababu baadaye alilisahau: Fuad mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele yangu, alimtuma Mistri Matrah. Kisha akamwambia Hilali, "Kesho nataka kuona kifusi, sitaki kuona mwamba."

Mistri alipokuwa anaondoka aliniambia kwa Kiswahili, "Toboeni mashimo, msiyajaze. Baruti kesho, mie nikiwepo."

Tukatoboa mashimo sita. Jua lilipokaribia kushuka, Hilali akafungua sanduku la baruti.

"Mistri kasema kesho," nikamwambia.

"Mistri hafungi, ana nafasi ya kungoja. Sisi tunapiga sasa, tunafuturu, kesho tunakuta kifusi."

Akakata tambi yeye mwenyewe, kwa haraka, mtu mwenye njaa anavyokata mkate. Kokoto hakuweka. Tukakimbia nyuma ya pindo. Watu walikuwa tayari na tende mikononi, macho yote magharibi. Ikalia ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne kama zinagombania mlango. Ikalia ya tano. Ikapita pumzi moja, ikalia nyingine, nzito, na milima ikaipokezana.

"Sita!" akasema Hilali. "Bismillahi." Tende zikaingia midomoni.

Sasa mie nilikuwa nimesimama uso kwenye mwamba, bahari mkono wangu wa kushoto. Milio mitano niliipokea usoni. Ule wa mwisho uliingia kwa sikio la kushoto. Huko kushoto ndiko Maskati, na Maskati jua likizama ngome inapiga mzinga wa futari. Kila mtu anaujua. Kwa muda mrefu tumefuturu kwa mlio huo.

Nikamuuliza, "Hilali, mzinga umelia saa ngapi?"

"Mzinga gani?"

"Wa futari. Mnafuturu kwa nini, ikiwa mzinga haujalia? Na kama umelia, ndio huo wa sita, na shimo moja bado lina baruti."

Akanitazama, kisha akawageukia wenzake. "Zinjibari anahesabu mizinga. Njaa imempanda kichwani." Wakaangua kicheko. "Mzinga umelia pamoja na baruti, umemezwa." Murad akanirushia tende akasema, "Kula, Suudi, akili itarudi." Ukimtoa Mistri, alikuwa peke yake kwenye kundi aliyeniita kwa jina.

Hilali akasema atakwenda kuangalia mwamba mwenyewe. Alikwenda mpaka penye mtungi wa maji, akanywa, akarudi.

Asubuhi nilimngoja Mistri chini kwenye pindo nikamwambia yote. Alikuwa kabeba mzigo wa tindo begani tokea Matrah, jasho linamtiririka na baridi ile. Akautua, akapanda, akasema kwa Kiarabu, kwa sauti wote wasikie, "Mtu asiguse kitu hapa." Kisha akamuuliza Hilali, "Uliingia kuangalia?"

"Niliingia."

"Ulishika mashimo yote?"

"Wallahi nilishika."

Ramadhani, kafunga, akaapa. Mie sina elimu ya dini, lakini nnajua hilo linahesabiwa wapi.

"Hata hivyo ntashika na mimi," Mistri akasema. "Nipeni nafasi nipumue kwanza." Akachukua kopo lake akaenda nyuma ya jiwe. Hakuwa mjinga. Baruti iliyolala usiku kucha haiondoki yenyewe bila kuguswa, na alikuwa amekwisha amrisha isiguswe.

Basi hapo hapo tukasikia honi bondeni. Bwana Fuad na matajiri wake wanapanda. Hilali akabadilika rangi. Akamwita Murad: "Chukua mtaimbo, safisha pale, upesi!"

"Mistri kasema mtu asiguse!" nikapiga kelele.

"Mkadamu hapa nani?"

Murad alinitazama mie, akamtazama yeye. Ana mama Matrah, ana wadogo zake, na mkadamu ni mkadamu. Akainua mtaimbo. Nikamkimbilia nimshike mkono. Sikuwahi.

Nilipopata fahamu nilikuwa hospitali, kichwa na mkono vimefungwa, vidole viwili havipo, na dunia imekuwa ya upande mmoja. Murad walikuwa wamekwisha mzika. Mistri Kanji walikuwa wamekwisha mchoma, kwa dini yake. Jiwe alilojificha nyuma yake lilisukumwa na baruti likamlalia. Maziko ya Murad sikuhudhuria, moto wa Mistri sikuuona, na nilipotoka nikakuta hadithi nayo imekwisha zikwa. Hilali alikuwa amewaeleza watu, na Fuad kaandika kama alivyoelezwa: Mistri Kanji ndiye aliyepiga baruti jioni ile, akahesabu vibaya, na asubuhi alikutwa kalala usingizi nyuma ya jiwe wakati Murad anafanya kazi. Kundi zima lilikuwepo. Kundi zima lilinyamaza. Siwataji wote, walikuwa na watoto.

Nikamwendea Fuad kambini. "Bwana, wewe ndiye uliyemtuma Matrah."

"Sikumbuki."

"Mie nilikuwepo. Nilisikia."

Akatabasamu, akagusa sikio lake mwenyewe. "Una sikio moja, Suudi. Ndio utakuwa shahidi wa kusikia?"

Sikumpiga. Mpaka leo nnajiuliza ni uungwana au ni udhaifu.

Njia ikafunguliwa kabla ya ibada. Mie nikapewa kibanda kileleni pale, nilinde njia: niondoe mawe yanayoporomoka na niwashikie madereva bendera kwenye pindo. Ikiwa mtapewa kazi hiyo, jueni kwamba mawe hayaanguki wakati wa mvua, huanguka siku ya pili, jua likipiga, wakati kila mtu kesha sema hatari imepita. Na pangeni mawe mliyoyaondoa upande wa mlima, msiyatupe bondeni, kuna watu wanachunga mbuzi huko. Siku nyingine yanapita magari mawili, siku nyingine halipiti hata moja. Nilikuwa nikijisemesha Kiswahili ili nisikisahau. Nikijitania mwenyewe, nikijijibu, na majibu yangu hayakuwa mazuri kama ya Mistri.

Mwaka wa kwanza Mabaniani walipita kwa magari, wamejipamba, wazee kwa vijana. Nikatazama ndani ya kila gari. Mama yake Kanji hakuwemo.

Nikaenda mjini kumuuliza. Jirani akanijibu mlangoni kwamba hatoki, wala hataki mtu. Alikuwa amesema neno moja tu: mwanawe kalala kazini akamuua mtoto wa mwanamke mwingine, na yeye hawezi kukaa kwenye gari apite juu ya damu hiyo kwenda kuomba. Nikarudi mara nyingi. Mlango ulifungwa. Alikuwa akisikia hatua zangu ngazini, nnajua, kwa sababu sufuria zilikuwa zikinyamaza.

Ikapita karibu mwaka. Siku ya ibada ilipokaribia tena nikaenda, na safari hii sikugonga. Nikakaa ngazini nikaanza kusema kwa Kiswahili, kwa sauti. Nikamwambia ya Fuad, ya Matrah, ya mzinga wa futari, ya Hilali na kiapo chake. Nilisema mpaka koo likakauka. Mlango ukafunguka kidogo.

"Wewe rafiki yake," akasema. Sauti yake ilikuwa imezeeka kuliko yeye. "Rafiki lazima aseme hivyo. Mimi ningekuwa rafiki yake ningesema hivyo hivyo."

"Mama, sikudanganyi."

"Haya. Huko nyuma ya jiwe alifuata nini, kama hakulala? Kazi iko mbele, yeye yuko nyuma. Nijibu."

Ndilo swali pekee ambalo sikulitayarishia jibu, kwa kuwa halikuwa na uzito kwangu. "Alikwenda kunywa maji," nikasema. "Ilikuwa Ramadhani. Siku zote akinywa alijificha pale, asinywe mbele yetu tumefunga. Nilimwambia anywe tu, akakataa."

Nikadhani hakusikia, nikataka kurudia. Nikamwona ameushika mlango kwa mikono miwili.

"Alikuwa hivi," akasema, akaonyesha kimo chini ya kiuno chake. "Kiponda. Jirani zetu wote Waislamu. Nilimchapa siku moja, kanywa shurubati barazani mchana wa Ramadhani mbele ya watoto wa wenyewe. Nikamwambia, ukitaka kunywa nenda kajifiche, usimtie mwenzio tamaa. Nilimchapa kwa mwiko. Wewe alikuhadithia hayo?"

"Hakunihadithia, Mama. Nilimtania, akanijibu kwa mzaha tu."

"Hakukuhadithia." Akakaa chini pale pale kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mie nikaona nilichokifanya. Nilikuja kumwondolea mzigo mmoja, nikampa mwingine: kwamba pale palipomuua alipelekwa na adabu aliyomfunza yeye. Nikatamani niyameze maneno yangu. Alilia bila sauti, kitambo kirefu, kisha akajifuta kwa ncha ya sari.

"Basi alinisikia," akasema. "Mtoto mkaidi yule. Nilidhani hakunisikia hata siku moja."

Baadaye kidogo akaniuliza, "Hilo gari linaondoka lini?"

Siku ya ibada nikakaa naye nyuma, kwenye Landrova ya jamaa zake. Hawakupenda kuwa na Muislamu garini, lakini alisema bila mimi hapandi, na miguu ile ikikataa haibembelezeki. Alikuwa kesha oga na kuvaa sari nyeupe ya ibada, kwa hiyo nilijibana mlangoni nisimguse, maana kwa dini yao ningemtia najisi. Tulipofika kileleni, kwenye kibanda changu, dereva akapunguza mwendo.

"Mbona unapunguza?"

"Ndipo pale, Mama," dereva akasema kwa upole. "Nilidhani utataka kusimama."

"Mwanangu alifanya njia watu wapite. Pita."

Tukapita. Aliangalia mbele tu, midomo inacheza, na kila pindo akitikisa kichwa, kama anayekagua kazi na kukuta ndivyo ilivyochorwa kwenye unga.

Bondeni palikuwa pamejaa watu. Nikashuka kwanza nikasimama kando. Hapo kengele za hekalu zikaanza kulia, na milima ikazirudisha. Sasa mtu mwenye sikio moja, jueni, anasikia mlio lakini hajui unatoka wapi. Mlio unamjia kutoka kila mahali. Nikageuka kulia kutazama hekalu, nikakuta nimetazama majabali. Nikageuka tena, nikakuta punda. Watoto wakacheka, na wakubwa wawili watatu nao wakacheka.

Mama yake Kanji alikuwa keshashushwa. Akanijia kwa miguu yake ile, polepole, watu wakimpisha. Akaweka kiganja chake kwenye shavu langu, mbele ya jamaa zake wote, na nikasikia mwanamke mmoja akishtuka kwa sauti. Akanigeuza uso kama anavyogeuzwa mtoto anayenyolewa.

"Huku, Suudi," akasema. "Inatoka huku."

Akanishika hivyo mpaka alipoona nimeliona hekalu. Kisha akaenda kisimani kutawadha upya.